TEKNOLOJIA: Pampu ya kupoza tarakilishi yafaa kuzunguka kwa kasi gani?

WATU wanaotumia tarakilishi kwa kazi nzito, mathalan kuhariri video, kuchora ramani za majengo au kucheza michezo yenye picha za hali ya juu, wamezidi kuviacha vipozaji vya feni pekee na kugeukia vile vya kiowevu.

Hata hivyo, wengi wao hufunga kifaa hicho, wakaona tarakilishi imewaka, wakarudisha kifuniko cha kasha na kusahau kwamba ndani yake mna pampu ambayo sharti ipangiwe kasi. Mwenyewe asipoipanga, ubao mama humpangia, na mpango huo mara nyingi hauifai pampu.

Madhara hujitokeza baadaye. Video ya harusi iliyochukua siku tatu kuhaririwa inapokaribia kukamilika, tarakilishi huzima ghafla. Mwenye kazi huiwasha tena, ikatulia kwa dakika chache, kisha ikazima mara ya pili huku mteja akipiga simu kuuliza kazi imefikia wapi.

Fundi anapoitwa, lawama huelekezwa kwa kifaa cha umeme, kadi ya picha au hata virusi. Kumbe pampu ilichomekwa kwenye soketi ya feni ya kasha, nayo soketi hiyo ikawa inaipa umeme hafifu usiotosha kuizungusha.

Kosa hilo halihitaji pesa kulirekebisha. Linahitaji tu kuelewa kazi ya pampu, mahali inapochomekwa na kiwango cha kasi kinachoifaa.

Jinsi joto linavyosafirishwa

Anayejua jinsi injini ya gari inavyopozwa hatatatizika kukielewa kipozaji hiki. Juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa tarakilishi, hufungwa bamba la shaba lenye mifereji myembamba sana. Kiowevu, ambacho aghalabu ni maji yaliyochanganywa na glaikoli pamoja na dawa ya kuzuia kutu, hupita katika mifereji hiyo na kubeba joto.

Kutoka hapo, kiowevu husukumwa kupitia mirija ya mpira hadi kwenye rejeta. Feni zilizofungwa juu ya rejeta hupuliza hewa katikati ya mapezi yake, joto likatoka nje, na kiowevu kikarejea kwenye prosesa kuanza safari upya.

Pampu ndiyo inayokisukuma kiowevu hicho. Katika vipozaji vingi, imefichwa ndani ya kichwa kilicho juu ya lile bamba la shaba, ingawa baadhi ya watengenezaji huiweka kwenye rejeta. Kwa sababu haionekani, na pengine haisikiki, ni rahisi mtu kudhani kwamba feni ndizo zinazofanya kazi yote.

Wazo la kupoza tarakilishi kwa kiowevu si geni. Sakiti za tarakilishi kuu ya Cray-2, iliyozinduliwa Marekani mwaka wa 1985, zilizamishwa katika kiowevu maalumu kisichopitisha umeme. Mwaka wa 2004, kampuni ya Apple iliuza Power Mac G5 ambayo prosesa zake zilipozwa kwa kiowevu.

Vipozaji vinavyojazwa na kuzibwa kiwandani, visivyomhitaji mnunuzi kumimina chochote, vilipata umaarufu baada ya kampuni ya Corsair kuanza kuuza kipozaji cha H50 mwaka wa 2009. Kifaa hicho kiliundwa na Asetek ya Denmark, kampuni ambayo pampu zake zimetumika katika vipozaji vinavyouzwa kwa majina mbalimbali.

Kilichovifanya vienee ni tamaa ya prosesa zenyewe ya umeme. Core i9-13900K ya Intel, iliyozinduliwa mwaka wa 2022, yaweza kutumia wati 253 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Hilo ni joto la balbu nne za zamani za wati 60, likitoka kwenye kipande kisichozidi ukubwa wa stempu.

Prosesa za namna hiyo zimewekewa ukomo. Intel iliiruhusu Core i9-13900K kufika nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali AMD iliweka nyuzi 95 kwa Ryzen 9 7950X. Zinapofika hapo, hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Joto likizidi kupanda licha ya hatua hiyo, tarakilishi hujizima.

Kwa hivyo, anayehofia prosesa kuungua huenda anahofia jambo lisilo karibu. Hasara halisi ni kazi isiyohifadhiwa, na tarakilishi ya bei ghali kufanya kazi polepole bila ya mwenyewe kujua sababu.

Kasi zaidi, nafuu ndogo

Wapo wanaoamini kwamba pampu ikizungushwa mara mbili zaidi, prosesa nayo itapoa mara mbili zaidi. Hesabu sahili yaonyesha kwamba sivyo.

Chukulia prosesa inatoa wati 200 za joto na kiowevu, ambacho hapa kitahesabiwa kama maji matupu, kinapita kwa kiwango cha lita moja kwa dakika. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,186 ili ipande kwa nyuzi moja. Kwa kiwango hicho, maji yatatoka kwenye bamba la shaba yakiwa na joto la takriban nyuzi 3 zaidi ya yalivyoingia.

Kiwango kikipunguzwa hadi nusu lita kwa dakika, tofauti hiyo itakuwa nyuzi 6 hivi. Kikipunguzwa tena hadi robo lita, itafika nyuzi 11 na nusu. Kadhalika, kikiongezwa kutoka lita moja hadi mbili, nafuu itakayopatikana ni nyuzi moja na nusu tu.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza tabia ambayo huwashangaza wengi. Kuipunguza pampu kutoka asilimia 100 hadi 80 mara nyingi huongeza joto la prosesa kwa nyuzi moja au mbili pekee, kiasi ambacho ni vigumu kukitofautisha na mabadiliko ya hewa ya chumbani. Lakini kuishusha kutoka asilimia 50 hadi 30 kwaweza kuleta mruko mkubwa.

Kuna sababu nyingine inayofanya kasi ya chini iwe hatari. Katika kanuni zinazotawala pampu za aina hii, kiasi cha kiowevu kinachosukumwa hubadilika sawia na kasi, ilhali shinikizo hubadilika kwa kipeo cha pili cha kasi na nguvu inayotumika kwa kipeo cha tatu.

Hii ina maana kwamba pampu inayozunguka kwa asilimia 70 husukuma asilimia 70 ya kiowevu, hutoa asilimia 49 ya shinikizo, na hutumia takriban asilimia 34 tu ya nguvu. Ikishushwa hadi asilimia 40, shinikizo hubaki asilimia 16. Kwa shinikizo hilo dogo, viputo vya hewa vinavyokwama ndani ya kichwa cha pampu hukosa msukumo wa kuviondoa.

Ni vyema pia ikumbukwe kwamba pampu hizi hutumia wati chache tu. Anayeipunguza kasi kwa nia ya kuokoa pesa za umeme hataona tofauti yoyote katika ankara yake. Sababu ya pekee yenye uzito ya kuipunguza ni kelele.

Ndiyo maana kasi isiyobadilika ya kati ya asilimia 70 na 100 huzifaa pampu nyingi. Mwenye chumba chenye kelele aiache kwenye 100 na asijisumbue zaidi. Anayefanya kazi usiku watu wakiwa wamelala, au anayerekodi sauti karibu na tarakilishi, ana haki ya kuishusha hadi atakaporidhika, almuradi asiipitishe chini ya nusu bila ya kuipima kwanza.

Pasi na shaka, maagizo ya mtengenezaji hutangulia kanuni yoyote ya jumla. Kipozaji cha Liquid Freezer II cha kampuni ya Arctic, kwa mfano, kiliundwa kikiwa na waya mmoja unaoongoza pampu na feni kwa pamoja, na pampu yake huzunguka kati ya mara 800 na mara 2,000 kwa dakika. Hapo pampu kupunguza mwendo tarakilishi inapopumzika si kosa, bali ndivyo ilivyokusudiwa. Pampu nyingine huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, na ikionekana kwenye 800 huwa ni ishara ya hitilafu.

Soketi ndiyo huamua

Makosa mengi hutokea wakati wa kuchomeka waya. Kwenye ubao mama mna soketi kadhaa ndogo zenye pini nne zinazofanana kwa umbo, lakini kila moja ina maandishi madogo kando yake, na maandishi hayo ndiyo yenye maana.

Iliyoandikwa CPU_FAN ni ya feni ya prosesa. Zilizoandikwa CHA_FAN au SYS_FAN ni za feni za kasha. Mbao nyingi za miaka ya karibuni zina pia soketi maalumu ya pampu, ambayo huandikwa AIO_PUMP, PUMP_FAN au jina linalokaribiana na hayo.

Soketi ya pampu hutofautiana na nyingine kwa mambo mawili. Kwanza, nyingi huweza kutoa ampea 2 au 3, ilhali ya kawaida aghalabu hutoa ampea moja, yaani wati 12 kwa umeme wa volti 12. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi, kwa kawaida soketi hiyo hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kutoa kasi kamili wakati wote.

Soketi ya feni ya kasha haifanyi hivyo. Imepangwa ikidhani kwamba kilichochomekwa ni feni, na feni hupunguzwa mwendo tarakilishi inapokuwa baridi. Pampu ikichomekwa hapo, hupewa amri ya kulegea kana kwamba ni feni.

Namna amri hiyo inavyotolewa pia ina uzito. Waya wa pini tatu hauna njia ya kupokea maagizo, hivyo basi ubao mama hupunguza kasi kwa kupunguza volti. Waya wa pini nne hupokea volti 12 kamili muda wote, kisha pini ya nne hubeba mipigo ya umeme, takriban 25,000 kwa sekunde, inayoieleza pampu izunguke kwa kiasi gani.

Pampu ya pini tatu inapopunguziwa volti kupita kiasi, hufika mahali ikashindwa kabisa kuanza kuzunguka tarakilishi inapowashwa. Feni iliyokwama huonekana kwa macho. Pampu iliyokwama haionekani.

Kwa hivyo, anayechomeka pampu ya pini tatu ahakikishe soketi hiyo imepangwa kutoa volti 12 bila kupunguzwa. Mwenye ya pini nne achague mtindo wa mipigo, si wa volti. Uchaguzi huo hufanywa katika menyu ya ubao mama, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Delete au F2 mara tu tarakilishi inapowashwa.

Jina la ukurasa wenyewe hutofautiana. Mbao za Asus huuita Q-Fan, nazo za Gigabyte huuita Smart Fan. Ndani yake mna grafu yenye vitone vinavyoonyesha joto upande wa chini na kasi upande wa kushoto. Kwa pampu, vitone hivyo vyafaa kunyooshwa viwe mstari mmoja mlalo, tuseme kwenye asilimia 80, au pachaguliwe kasi kamili pale palipo na uchaguzi huo.

Vipo vipozaji ambavyo pampu yake haipati umeme kutoka kwa soketi hizo hata kidogo. Hupata umeme kutoka kwa waya wa SATA unaotoka moja kwa moja kwenye kifaa cha umeme, na kupokea maagizo kupitia USB. Hapo menyu ya ubao mama haina usemi, na kasi hupangwa kwa programu ya mtengenezaji kama vile iCUE ya Corsair au CAM ya NZXT. Wanaotumia Linux hutegemea programu ya bure iitwayo liquidctl.

Kengele inayozimwa

Watu wengi waliofunga kipozaji cha kiowevu kwa mara ya kwanza wamekutana na onyo linalotokea kabla ya tarakilishi kufunguka, likieleza kwamba feni ya prosesa ina hitilafu. Onyo hilo hutolewa kwa sababu soketi ya CPU_FAN haina kitu, au kilichochomekwa hapo kinazunguka polepole mno.

Suluhisho linalopendekezwa na marafiki wengi ni kuingia katika menyu na kuuagiza ubao mama upuuze kasi ya soketi hiyo. Onyo hutoweka, na tarakilishi hufunguka bila usumbufu.

Suluhisho hilo ni baya. Ni sawa na kukata waya wa taa ya joto kwenye gari kwa sababu inawaka. Siku pampu au feni za rejeta zitakapokufa kikweli, hakutakuwa na chochote cha kumwarifu mwenye tarakilishi.

Njia iliyo bora ni kuchomeka feni za rejeta kwenye CPU_FAN na pampu kwenye soketi yake maalumu. Ubao mama usio na soketi ya pampu, hasa wa zamani au wa bei nafuu, pampu yaweza kuchomekwa kwenye CPU_FAN yenyewe na soketi hiyo ipangwe kasi kamili, almuradi pampu haivuki ampea inazoruhusiwa. Mpango huo una faida yake: pampu ikisita, tarakilishi hulalamika mara tu inapowashwa.

Feni zipande, pampu itulie

Kosa la upande wa pili ni kuifanya pampu ifuate joto la prosesa. Joto hilo huruka kwa ghafla. Mtu anapofungua programu moja tu, prosesa yaweza kupanda nyuzi 20 kwa sekunde moja na kushuka tena kabla hajainua mkono kwenye kipanya.

Pampu iliyopangwa kufuata mruko huo hupanda na kushuka mchana kutwa, ikitoa mlio unaobadilikabadilika. Sikio la binadamu huweza kuzoea mvumo wa aina moja, lakini haliuzoei mlio unaopanda na kushuka. Wengi waliolalamika kwamba pampu zao zina kelele, walichokuwa wakilalamikia hasa ni mabadiliko hayo.

Kiowevu chenyewe hakina haraka. Iwapo mfumo mzima una gramu 300 za maji na prosesa inatoa wati 200, maji hayo yatahitaji takriban dakika nzima ili yapande kwa nyuzi 10, hata feni zikiwa zimezimwa zote. Hakuna faida ya kuzikimbiza feni kwa mruko wa sekunde mbili.

Kwa sababu hiyo, vipozaji vyenye kipimajoto cha kiowevu vyafaa kupangwa hivi: pampu ibaki kwenye kasi moja, na feni zifuate joto la kiowevu. Feni zianze kwa utulivu kiowevu kikiwa nyuzi 30 hivi, ziongezeke taratibu, na zifike kasi kamili kinapokaribia nyuzi 50. Watengenezaji wengi hawataki kiowevu kivuke nyuzi 60, kwani kiwango hicho huhatarisha pampu na mirija.

Asiye na kipimajoto cha kiowevu atumie joto la prosesa kwa feni pekee, kisha aongeze muda wa kusubiri kabla ya feni kubadilisha mwendo. Mbao nyingi huruhusu kusubiri kwa sekunde kadhaa, na muda huo hutosha kuipuuza miruko midogo.

Pwani na bara

Hakuna kipozaji cha namna hii kinachoweza kukishusha kiowevu chini ya joto la hewa iliyomo chumbani. Prosesa inayofika nyuzi 75 katika chumba cha nyuzi 22 jijini Nairobi wakati wa baridi ya Julai, itafika karibu nyuzi 86 katika chumba cha nyuzi 33 mjini Mombasa au Garissa, hata kama kila kitu kingine hakikubadilishwa.

Kwa upande mwingine, Nairobi ina tatizo lake ambalo watu hawalifikirii. Jiji hilo liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ile ya Pwani. Feni inayozunguka kwa kasi ileile hupitisha uzito mdogo zaidi wa hewa, na hivyo huondoa joto dogo zaidi. Eldoret, iliyo juu zaidi, upungufu huo huongezeka.

Pampu haiathiriwi na jambo hilo kwani kiowevu chake kimezibwa. Kwa hivyo, anayeishi nyanda za juu na kuona joto limepanda asikimbilie kuongeza kasi ya pampu. Aongeze ya feni, na kabla ya hapo apulize vumbi lililoziba mapezi ya rejeta. Vumbi hilo, hasa karibu na barabara zisizo na lami, hupunguza ufanisi kuliko mipango yote ya menyu.

Mahali rejeta ilipofungwa pia hubadilisha mambo. Kila kipozaji kilichozibwa huwa na hewa kidogo ndani yake, na hewa hiyo huongezeka kadiri miaka inavyopita kwa kuwa maji hupenya mirija ya mpira kidogokidogo. Hewa hupanda juu. Ikiwa pampu ndiyo iliyo juu kuliko sehemu zote za mfumo, hewa hukusanyika humo.

Dalili yake ni sauti ya maji yanayogugumia, au mlio kama wa changarawe. Kubadilisha kasi huificha sauti hiyo kwa muda tu. Kinachohitajika ni kuifunga rejeta juu ya kasha, au kando yake huku ncha yake ya juu ikiipita pampu kwa kimo.

Kuipima pampu

Kila kipozaji kina mahali pake ambapo kupunguza kasi huanza kudhuru. Mahali hapo hupatikana kwa jaribio ambalo halihitaji vifaa vyovyote ila muda wa saa moja na nusu.

Tarakilishi hupewa kazi nzito isiyobadilika, kama vile kuandaa video ndefu au programu ya majaribio, pampu ikiwa kwenye asilimia 100 na feni zikiwa zimefungwa kwenye kasi moja. Baada ya dakika 20, joto huwa limetulia. Programu ya bure ya HWiNFO huonyesha joto la prosesa na kasi ya pampu kwa pamoja. Viwango hivyo viandikwe, pamoja na joto la chumba.

Kisha pampu ishushwe hadi asilimia 80, jaribio lirudiwe kwa dakika 20 nyingine, halafu 70, na mwisho 60. Kufunga kasi ya feni ndiko wengi husahau. Zikiachwa huru, zitaongeza mwendo ili kufidia udhaifu wa pampu, na jaribio zima litakuwa kazi bure.

Pale ambapo hatua moja ya kushuka imepandisha joto kwa nyuzi 3 au zaidi, ndipo kikomo kilipo. Kasi ifaayo ni hatua moja au mbili juu yake. Iwapo katika kasi fulani pampu inatoa mvumo unaotetemesha kasha, kuisogeza kwa asilimia 5 juu au chini mara nyingi hutosha kuuondoa.

Jaribio hilo lafaa kufanywa tena kipozaji kikitimiza miaka kadhaa, kwa sababu kiowevu hupungua na uchafu hujikusanya katika ile mifereji ya shaba. Kasi ya asilimia 60 iliyotosha kipozaji kikiwa kipya huenda isitoshe tena.

Wakati mwingine programu huonyesha kwamba pampu inazunguka vizuri ilhali prosesa inachemka. Idadi ya mizunguko huthibitisha kwamba rota inageuka, wala haithibitishi kwamba kiowevu kinasonga. Mifereji iliyoziba haionekani kwenye skrini.

Hapo kinachosaidia ni mkono. Prosesa ikiwa karibu na nyuzi 95 na rejeta ikibaki baridi ikiguswa, joto haliifikii rejeta. Huenda kiowevu hakipiti, au bamba la shaba halikugusana sawasawa na prosesa, jambo linalorekebishwa kwa kukaza skrubu na kupaka upya krimu ya kupitishia joto. Rejeta na mirija yote miwili ikiwa moto, pampu haina lawama, na wa kuchunguzwa ni feni na vumbi.

Vipozaji vya bei ya juu huuzwa na dhamana ya miaka 5 au 6, na kufungua kichwa cha pampu huibatilisha dhamana hiyo. Kabla ya kukirejesha kipozaji dukani, mwenyewe achomeke pampu kwenye soketi nyingine iliyopangwa kasi kamili na kuiwasha tarakilishi mara moja zaidi. Ikisoma sifuri hata hapo, na mkono ukiwekwa juu yake usihisi mtikisiko wowote, pampu hiyo imekufa, na kitakachobadilishwa ni kipozaji kizima.